VIJANA WAPEWE UFUNGUO, SI JEMBE TU

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Nne

Naomba nafasi katika jarida letu nilitoe dukuduku ambalo limenikaa moyoni tangu likizo ya Agosti. Jambo lenyewe ni hizi bustani za mboga ambazo siku hizi zinachipuka katika mitaa tunamoishi, na vijana ambao huitwa kuzilima. Wengi wameziimbia sifa, nami siwapingi. Lakini kuna jambo moja ambalo halisemwi, na nisipolisema nitakuwa nimeiba.

Kwetu ni mtaa wa nyumba za ghorofa, upande wa mashariki mwa jiji la Nairobi. Nyuma ya nyumba zetu pana kiwanja, pengine nusu ya uwanja wa kandanda. Tangu nikiwa mtoto, kiwanja hicho kilikuwa jaa. Maganda ya ndizi, nepi, chupa zilizovunjika, paka waliokufa, vyote vilitupwa pale. Mvua ikinyesha uvundo uliingia mpaka jikoni. Na jioni ndipo walipokaa mabarobaro wa mtaa, wakipiga gumzo na kucheza karata. Mama alikuwa akituonya, "Msipite pale, wale ni wahuni." Basi nasi tulizunguka mbali. Ajabu ni kwamba mmoja wa hao "wahuni" alikuwa kaka yangu mwenyewe, mtoto wa huyo huyo mama!

Kaka yangu alimaliza Kidato cha Nne na alama si haba, lakini karo ya chuo ikakosekana. Akawa mtu wa mjengo. Akipata kazi siku mbili, siku tano yuko nyumbani. Hakuwa mwizi wala mlevi. Alikuwa hana pa kwenda tu. Msomaji, je, huna mmoja kama huyo kwenu?

Siku moja mama mboga wetu, ambaye kibanda chake kiko mkabala na lile jaa, aliwaita vijana wale akawauliza, "Hivi nyinyi, kwani mnangoja nani aje awatolee takataka hii?" Wakacheka. Lakini Jumamosi iliyofuata walikuja kumi na wanne, wavulana kwa wasichana, wakiwa na sepetu na magunia. Walichimba na kubeba kwa majuma matatu. Kina mama wakawapikia uji. Hatimaye pale palipokuwa na mlima wa taka pakawa na magunia arobaini ya mboga yamejipanga kama wanafunzi katika gwaride.

Kwa wale ambao hawajawahi kuona bustani ya gunia, hebu niwaeleze, maana ni ufundi mdogo wenye faida kubwa. Huchukuliwa gunia tupu na mkebe mkubwa uliotolewa kitako. Mkebe huwekwa katikati ya gunia na kujazwa mawe madogo. Pembeni hujazwa udongo uliochanganywa na samadi. Kisha mkebe huvutwa juu kidogo, mawe yakabaki, halafu hujazwa tena mawe na udongo, hivyo hivyo mpaka gunia lijae. Yale mawe ya katikati huwa ndiyo mfereji wa kupitisha maji hadi chini. Mbavuni mwa gunia hutobolewa matundu, na katika kila tundu huingizwa mche wa sukuma wiki au spinachi. Juu hupandwa dania au vitunguu. Gunia moja hubeba miche thelathini au zaidi, na nafasi linalokalia haizidi ya kiti. Asiye na shamba sasa ana shamba!

Wala jambo hili si geni hapa nchini. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, vijana wa Kibera walijiunga katika kikundi, wakasafisha jaa la taka kando ya reli mwaka wa 2008, wakaligeuza kuwa shamba la mboga. Baadhi yao walikuwa wamekiri wenyewe kwamba hapo awali walikuwa wakiishi kwa uhalifu. Watu wa magazeti walimiminika kuja kuona, maana nani angedhani kwamba mikono iliyokuwa ikiogopwa gizani ingeuza mboga mchana kweupe? Wakati huo huo shirika la Solidarités International likawa linawagawia wakaaji wa Kibera miche ya kupanda katika magunia, na maelfu ya jamaa wakapanda vichochoroni na milangoni mwao. Chakula kilikuwa kimepanda bei, na gunia mlangoni lilikuwa nusura.

Wapo watakaosema kwamba kulima mjini ni ushamba. La hasha! Kule Cuba, baada ya Urusi ya Kisovieti kusambaratika mwaka wa 1991, mafuta na chakula vilivyokuwa vikitoka huko vilikatika ghafla. Wakaaji wa jiji kuu la Havana waliingia katika viwanja vitupu wakapanda mboga, na bustani hizo zikawa sehemu ya maisha ya jiji. Je, watu wa Havana ni washamba? Mwenye njaa hachagui pa kupanda.

Zamani kidogo, mkulima wa mjini hapa kwetu alikuwa mtu wa kujificha. Wazee hukumbuka jinsi askari wa baraza la jiji, hao tunaowaita kanjo, walivyokuja na mapanga na kufyeka mahindi yaliyokaribia kukomaa, wakisema eti yanafuga mbu na wezi. Siku hizi mambo yamebadilika. Katiba ya mwaka wa 2010, Kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kuwa huru kutokana na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Na mwaka wa 2015 Kaunti ya Jiji la Nairobi ikapitisha sheria yake ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini. Basi anayepanda sukuma wiki kwa utaratibu si mhalifu tena.

Hapo ndipo wengi hukomea wakaandika "Ahsanteni". Mimi siwezi kukomea hapo, kwa sababu nilirudi nyumbani likizo ya Agosti nikakuta mambo si mambo.

Mboga zilipoanza kustawi, wazee wa mtaa waliunda kamati. Si vibaya, kila shughuli yahitaji uongozi. Lakini mwenyekiti alikuwa mzee, katibu mzee, mweka hazina mzee. Hakuna hata kijana mmoja aliyeingizwa. Lango likatiwa kufuli, na ufunguo ukakaa kwa mwenyekiti. Mfereji wa maji nao ukatiwa kufuli yake, na ufunguo ukakaa huko huko. Kijana akitaka kunyunyizia maji saa kumi na mbili asubuhi kabla hajaenda mjengoni, sharti akabishe hodi kwa mzee ambaye bado amelala. Akiambiwa, "Rudi saa tatu," mboga zinakauka, na lawama ni yake.

Mavuno ya kwanza yaliuzwa kwa mama mboga na kwa vibanda viwili vya chakula. Pesa zilikwenda wapi? Tuliambiwa ni "za maendeleo ya mtaa". Lango likapakwa rangi, vikanunuliwa viti vya plastiki vya mikutano. Vijana waliochimba jaa kwa majuma matatu wakapewa kila mmoja soda moja na mkate nusu, wakapigwa picha pamoja na wageni. Kaka yangu alikuja na soda ile nyumbani, akaiweka mezani bila kuifungua.

Mwezi uliofuata waliokuja kulima walikuwa wanne. Magugu yakaota. Vidukari wakaingia kwenye sukuma wiki na hakukuwa na wa kunyunyiza hata jivu. Na usiku mmoja mtu asiyejulikana alipita na kisu akapasua magunia kumi na mawili, udongo ukamwagika chini kama matumbo ya mnyama. Asubuhi wazee wakakusanyika wakitikisa vichwa. "Tuliwaambia," wakasema, "vijana wa siku hizi hawafai. Ukiwapa mkono wanataka bega."

Sijui ni nani aliyepasua magunia yale. Nilimwuliza kaka yangu ana kwa ana, akaniambia si yeye, nami nikamwamini, ingawa nilikawia kidogo kabla ya kumwamini. Sitamtetea aliyefanya kitendo kile. Kuharibu chakula ni dhambi, hata uwe na hasira ya namna gani. Lakini wahenga walisema kuku havunji yai lake. Ukiona yai limevunjwa, usiulize tu ni nani aliyelivunja. Uliza pia lilikuwa yai la nani. Magunia yale vijana waliyashona, wakayajaza, wakayapanda, kisha wakaambiwa kwa matendo kwamba si yao.

Hii ndiyo hoja yangu, msomaji. Tunaposema bustani za mtaa "zinawahusisha vijana", mara nyingi maana yake ni kwamba vijana wanapewa jembe. Kijana hahusishwi mpaka apewe ufunguo. Nikisema ufunguo nasema ule wa kufuli, na tena nasema sauti katika kamati, daftari la pesa lililo wazi, na fungu la mavuno linalojulikana kabla ya mbegu kuingia ardhini. Kinyume cha hapo ni kazi ya bure iliyopambwa jina zuri.

Najua watakaonipinga. Wa kwanza atasema vijana wanataka pesa za haraka, hawana subira. Nakubali kwamba wapo wa namna hiyo. Lakini mboga si kahawa ya kungoja miaka. Terere huchumwa baada ya majuma machache tu, na sukuma wiki ikishaanza kuchumwa huendelea kwa miezi. Kijana anayengoja abiria wa matatu tangu alfajiri hadi usiku hawezi kuitwa asiye na subira. Hukosa subira pale asipojua anangoja nini.

Wa pili atasema vijana wakishika pesa watakula. Huenda. Lakini kwani wazee hawali? Mali bila daftari hupotea bila habari, na methali hii haikutaja umri. Daftari litundikwe pale langoni: tarehe hii zimevunwa fungu kadhaa, zimeuzwa kwa bei hii, fulani na fulani walifanya kazi. Kila apitaye asome. Mwizi wa pesa za umma huchukia daftari lililo wazi kuliko anavyomchukia askari.

Wa tatu ana hoja nzito zaidi, nayo ni ya afya. Si kila udongo wa mjini unafaa. Mwaka wa 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lilitoa ripoti kuhusu jaa la Dandora, nayo ilionyesha madini ya risasi kwa wingi katika udongo wa pale, na hata katika damu ya watoto wengi waliopimwa. Kwa hiyo bustani isipandwe kienyeji juu ya jaa la kale kisha tukawalisha watoto. Udongo upimwe, au uletwe udongo safi na kutiwa magunia ili mizizi isiguse ardhi ya chini. Maji ya mtaro wa kinyesi yasitumike kabisa, hata mboga zikinawiri vipi. Lakini hata hili laonyesha kwa nini vijana wafunzwe na kuaminiwa. Anayejua kwa nini maji ya mtaro ni sumu hatayachota usiku wakati mfereji umefungwa kufuli. Asiyejua, na aliyenyimwa ufunguo, atayachota.

Naomba pia niseme jambo kuhusu sisi wanafunzi, maana nyani haoni kundule. Kwa nini wengi wetu tunalionea haya jembe? Nadhani jibu liko shuleni. Katika shule ya msingi niliyosoma, aliyechelewa alipewa jembe. Aliyepiga kelele darasani alipewa jembe. Aliyefeli hesabu naye alipewa jembe akalime nyuma ya vyoo. Walioshinda hawakuwahi kupelekwa shambani. Walipewa vitabu. Basi kwa miaka minane akilini mwangu jembe lilikuwa ndugu yake kiboko. Leo mtu huyo huyo anaambiwa, "Kijana, shika jembe, kilimo ni uti wa mgongo wa taifa," halafu tunashangaa anapokunja uso!

Wazee wetu walikuwa na vilabu vya 4K shuleni, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, ambavyo vilifufuliwa rasmi mwaka wa 2021. Na wadogo zetu wa mtaala wa umilisi hufunzwa Kilimo wangali shule ya msingi. Hayo ni mema. Ila mafunzo hayo yatakuwa bure ikiwa zamu ya kulima bado ni adhabu ya mtundu. Nawaomba walimu wetu wapendwa, kwa heshima na taadhima: tafuteni adhabu nyingine. Jembe liacheni liwe jembe.

Pengine utaniuliza, je, kule kwenu ikawaje? Sikiliza. Baada ya magunia kupasuliwa, wazee walitaka kufunga bustani kabisa. Ni yule yule mama mboga aliyesimama katika baraza akasema, "Wazee wangu, mimi ndiye ninunuaye mboga hizi. Mkifunga nitazitoa sokoni kwa nauli. Waulizeni watoto wanataka nini." Vijana wakaulizwa, kwa mara ya kwanza. Hawakuomba makubwa. Waliomba ufunguo mmoja ukae kwa mvulana na mwingine kwa msichana, waliowachagua wenyewe. Waliomba daftari. Na waliomba mavuno yagawanywe mafungu matatu: fungu moja kwa waliofanya kazi kwa kadiri ya siku zao, fungu la pili la mbegu, samadi na maji, na fungu la tatu kwa wazee wasiojiweza na wagonjwa wa mtaa. Msomaji, fungu hilo la tatu halikupendekezwa na wazee. Lilipendekezwa na hao hao "wahuni".

Mwenyekiti alinyamaza kitambo, kisha akatoa ufunguo mfukoni akauweka mezani. Mzee yule sina ugomvi naye. Inahitaji moyo kwa mtu wa umri wake kusema mbele ya watu kwamba alikosea, hata akisema kwa ufunguo badala ya mdomo.

Nilipokuwa nikirudi shuleni, waliokuwa wakilima walikuwa kumi na mmoja. Magunia yaliyopasuka yalikuwa yameshonwa kwa kamba. Kaka yangu ndiye mwandishi wa daftari, na mwandiko wake ambao ulikuwa mbovu tangu darasa la nne sasa unasomeka. Sidai kwamba bustani imemwajiri. Fungu lake halitoshi karo ya chuo, na bado hwenda mjengoni. Anayesema magunia ya sukuma wiki yatamaliza ukosefu wa kazi nchini anatudanganya. Lakini jioni watu hupita pale wakimwuliza, "Leo mmevuna ngapi?" Zamani waliharakisha wakishika mifuko yao.

Hata hivyo, roho yangu haijatulia. Juma la mwisho la likizo walikuja watu wawili na utepe wa kupimia, wakapima kiwanja kile kona hadi kona, wakaandika, wakaondoka bila kusalimu mtu. Tulipouliza, kila mtu alisema hajui. Hatuna barua yoyote inayosema kiwanja kile ni cha bustani. Kilipokuwa jaa hakuna aliyekitaka. Sasa kimesafishwa, kinapendeza, na wenye tamaa wamekiona. Hili ndilo kubwa ninalowaomba wakuu wetu wa kaunti, waakilishi wa wadi, na wenye nyumba: vijana wakisafisha kiwanja cha umma, wapeni hati, hata kama ni ya miaka mitano tu, iliyopigwa mhuri. Kifungu cha 55 cha Katiba kinaitaka serikali kuhakikisha vijana wanapata nafasi za kushiriki katika shughuli za jamii na za uchumi. Kushiriki bila mahali pa kusimama ni kushiriki gani?

Nanyi wanachama wenzangu, mtakapokwenda likizo ya Desemba, mwangalieni yule kaka au dada anayekaa barazani kutwa. Pengine nyuma ya nyumba yenu pana jaa. Mkianzisha bustani, anzeni na daftari na ufunguo kabla ya jembe. Andikeni nani atapata nini. Ombeni barua ya kiwanja mapema, kabla watu wa utepe hawajafika.

Mimi yangu ni hayo. Penye wengi hapaharibiki neno, nami niko tayari kukosolewa na yeyote katika toleo lijalo. Nikijaliwa, nitawaarifu pia kama tulikuta magunia au tulikuta ukuta.